Kuingia Siyo Kufaa: Namna ya Kuchagua Beringi na Kilainishi cha Pampu ya Umwagiliaji



Kiangazi kimeshika. Kuanzia Makambako mpaka Njombe mjini, huko mabondeni pampu zinaunguruma tangu alfajiri. Huu ndio wakati simu zangu zinaongezeka, na siku hizi nyingi siyo za wadudu wala mbolea. Ni za pampu. "Bwana shamba, pampu inalia." "Bwana shamba, nimebadilisha beringi mwezi jana, imekufa tena."

Najua wapo watakaosema hii ni kazi ya fundi, bwana shamba inamhusu nini? Inamhusu sana. Nyanya iliyo kwenye maua ikikosa maji siku nne tano wakati wa jua kali na upepo wa Makambako, maua yanadondoka. Mche wa parachichi wa mwaka wa kwanza ukikosa maji Septemba, Oktoba unang'oa kijiti kikavu. Mbegu umenunua, mbolea umeweka, dawa umepiga, halafu vyote vinaondoka kwa sababu ya chuma cha ukubwa wa kiganja. Na fundi anafunga tu. Anayekwenda dukani na hela mkononi ni wewe.

Kwa hiyo leo tuzungumze kuhusu beringi ya pampu: ipi inafaa wapi, na inataka grisi au oili kiasi gani. Neno moja ninalotaka ubaki nalo ni hili: beringi kuingia kwenye shafti siyo sawa na beringi kufaa.

Kwanza jua pampu yako ni ya aina gani

Ushauri wa leo haufanani kwa pampu zote, kwa hiyo anza hapa.

Aina ya kwanza ni zile pampu ndogo za petroli za inchi 2 au 3 ambazo vijana wanabeba begani. Hizi impela, yaani feni inayosukuma maji, imefungwa moja kwa moja kwenye shafti ya injini. Pampu yenyewe haina beringi yake. Mzigo wote unabebwa na beringi za ndani ya injini, na kinachozilainisha ni oili ya injini. Kwako wewe, ushauri ni mfupi: angalia dipstiki kila asubuhi, na badilisha oili kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu chake.

Aina ya pili ni pampu ya umeme ambayo mota na pampu ni kitu kimoja. Hapo beringi za mota ndizo zinazobeba kila kitu.

Aina ya tatu ndiyo yenye kesi nyingi. Ni pampu yenye mwili wake, shafti yake na hausingi yake ya beringi, inayozungushwa na injini ya dizeli au mota kwa kaplingi au mkanda. Hizi ndizo zinazopandisha maji kutoka bondeni kwenye vinyungu mpaka mlimani kwenye parachichi. Sehemu kubwa ya makala hii inahusu hizi.

Aina ya nne ni pampu ya kuzamisha kisimani. Nayo ina beringi yake ya ajabu kidogo, nitaifikia.

Msukumo unatoka wapi?

Watu wengi wanajua kwamba beringi inabeba uzito wa shafti isining'inie. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Kwenye pampu kuna nguvu nyingine inayoisukuma shafti kwa urefu wake, kama mtu anavyovuta mpini wa jembe kutoka kwenye tundu lake.

Iko hivi. Impela ina uso wa mbele na uso wa nyuma. Mbele katikati kuna tundu ambalo maji yanaingilia, na hapo presha ni ndogo. Nyuma hakuna tundu, ni bati zima, na maji yenye presha yanalisukuma lote. Nyuma kunasukumwa sana, mbele kidogo. Matokeo yake impela inavutwa kuelekea upande wa kunyonyea, na inavuta shafti pamoja nayo, muda wote pampu inapofanya kazi.

Tupige hesabu. Chukua tundu la impela lenye kipenyo cha milimita 80. Eneo lake ni kama sentimita za mraba 50. Toa eneo la shafti ya milimita 35, ambalo ni kama 10, zinabaki 40. Sasa tuseme unapandisha maji kwa jumla ya mita 60, ukijumlisha mlima, msuguano wa bomba na presha ya springla. Hiyo ni presha ya kama kilo 6 kwa kila sentimita ya mraba, na nyuma ya impela hufika takriban robo tatu yake, yaani kilo 4 na nusu. Zidisha 40 kwa 4.5. Unapata kilo 180.

Hayo ni karibu magunia mawili ya viazi, yale halali ya kilo 100, siyo lumbesa. Yanavuta shafti yako saa zote huku inazunguka mara 2,900 kwa dakika. Lazima kuwe na beringi moja inayosema "hapana, huendi popote". Hiyo ndiyo beringi ya msukumo.

Watengenezaji wanajua tatizo hili, na wana njia za kulipunguza. Wengine wanatoboa matundu madogo kwenye impela karibu na shafti ili presha ya nyuma ipungue. Wengine wanaweka mabawa madogo mgongoni mwa impela. Pampu kubwa za viwandani na za mamlaka za maji nyingi zina impela inayonyonya pande mbili, ili msukumo wa huku uuwe wa kule. Lakini hata hapo msukumo hauishi wote. Ukiona impela yako ina matundu yale, fundi asiyazibe akidhani ni kutu imetoboa. Akiziba, ameirudishia shafti magunia yake mawili.

Beringi tatu, kipimo kimoja

Hapa ndipo hela zinapotea, kwa hiyo tusome taratibu.

Namba ya beringi inasomeka. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zidisha kwa 5 upate kipenyo cha tundu kwa milimita. Kwa hiyo 08 ni milimita 40. Tarakimu za mwanzo zinakuambia aina na unene wake. Sasa angalia namba hizi tatu: 6308, 7308 na NU308. Zote zina tundu la milimita 40, kipenyo cha nje milimita 90 na upana milimita 23. Ukizifumba kwenye kitambaa ukazipima kwa rula, huwezi kuzitofautisha. Zote zitaingia kwenye shafti ile ile na hausingi ile ile. Lakini kazi zake ni tatu tofauti.

6308 ni beringi ya gololi ya kawaida. Inabeba uzito wa shafti vizuri, na msukumo wa urefu inauvumilia kwa kiasi, pande zote mbili. Kwa pampu ndogo yenye presha ya wastani inatosha.

7308 ni beringi ambayo gololi zake zimekaa kwa pembe. Ringi yake ina bega moja refu na jingine fupi. Hii imetengenezwa hasa kubeba msukumo, lakini wa upande mmoja tu. Ndiyo maana hufungwa mbili pamoja, mara nyingi mgongo kwa mgongo, moja izuie kwenda mbele na nyingine izuie kurudi nyuma. Ukiona herufi B baada ya namba, kwa kawaida ina maana pembe ni digrii 40, ambayo inafaa kwa msukumo mkubwa.

NU308 ni ya rola. Inabeba uzito mkubwa kuliko gololi, lakini msukumo haizuii kabisa. Shafti inateleza ndani yake. Hilo ni kusudi, siyo kasoro. Inawekwa upande wa impela, ili shafti ikipata joto na kurefuka ipate pa kwendea.

Mpangilio wa kawaida kwenye pampu za aina ya tatu ni huu: upande wa impela kuna beringi moja isiyozuia msukumo, na upande wa kaplingi kuna beringi ya msukumo iliyobanwa kwa nati na mfuniko. Hizi mbili hazibadilishani nafasi. Ukibana zote mbili, shafti ikipata joto zitaumizana. Usipobana hata moja, impela itaenda kusugua ukuta wa pampu.

Kesi ya upande wa Makambako

Kuna mama mmoja analima nyanya na miche ya parachichi upande wa Makambako. Nilikwenda kwake kuangalia kantangaze kwenye nyanya. Nikakuta shamba limenyauka nusu, na pampu imefunguliwa juu ya gunia. Ilikuwa mara ya tatu kiangazi kimoja.

"Mama, shikamoo. Pampu tena?"

"Marahaba mwanangu. Hiyo pampu imenila hela za mbolea yote."

Fundi wake, kijana mzuri tu na mwenye mikono ya kazi, akanionyesha beringi mpya mbili zilizokwisha fungwa upande wa kaplingi. Zilikuwa 6308. Nikamuuliza zilizotoka na pampu kiwandani zilikuwa namba gani. Akasema za kwanza zilivunjika, namba haikusomeka, wakaenda nayo dukani ikapimwa. "Bwana shamba, kipimo ni kile kile. Imeingia yenyewe bila shida."

Nikamwomba mama kitabu cha pampu. Kilikuwepo, ndani ya begi la risiti pamoja na cheti cha mbegu. Kurasa za nyuma kulikuwa na mchoro na orodha ya spea. Upande wa kaplingi iliandikwa 7308, vipande viwili, mgongo kwa mgongo. Hapo sasa. Kila mara wamenunua beringi mbili ambazo zinaingia, na kila mara magunia yale mawili yamezila.

Tena kulikuwa na la pili. Kwa sababu pampu ilikuwa inachemka, wakawa wanaishindilia grisi mpaka inatoka pembeni, wakidhani inapoza. Kumbe grisi nyingi ndiyo ilikuwa inaongeza moto. Nitaeleza hapo chini.

Walifunga 7308 mbili za kampuni moja, zilizonunuliwa kama jozi, kwa mwelekeo wa kwenye mchoro. Wakasafisha grisi yote ya zamani. Wakanyoosha kaplingi. Pampu ile ilimaliza msimu.

Beringi haifi kwa uzee

Watu wanasema "beringi imechoka". Mara nyingi si kweli. Kwenye pampu za viwanda vya mafuta, kiwango kinachoitwa API 610 kinataka beringi zichaguliwe ili ziweze kufikisha angalau saa 25,000 kwenye kazi ya kawaida. Pampu zetu za shamba hazijengwi kwa kiwango hicho, lakini kinatusaidia kupima. Wewe ukimwagilia saa 6 kwa siku, siku 150 za kiangazi, ni saa 900 kwa mwaka. Saa 25,000 kwako ni zaidi ya miaka 27. Hata ukipata robo yake, ni miaka karibu 7. Kwa hiyo beringi ikifa kwa msimu mmoja, usiseme imezeeka. Kuna kitu kimeiua. Ukifunga nyingine bila kukijua kitu hicho, unanunua jeneza la pili.

Na kuna sheria moja ya beringi za gololi inayofaa kukumbukwa. Mzigo ukiongezeka mara mbili, maisha hayapungui nusu. Yanapungua mara nane, yaani mbili mara mbili mara mbili. Ndiyo maana makosa madogo yanauma sana.

Kitu gani kinaongeza mzigo kule shambani?

Bomba jembamba la kupeleka maji, au valvu iliyofungwa nusu. Presha inapanda, na msukumo unapanda nayo.

Mkanda uliokazwa kupita kiasi. Ule unavuta shafti pembeni muda wote.

Kaplingi ambayo haiko kwenye mstari. Injini ikiwa juu kidogo au imepinda kidogo, kila mzunguko unaipiga beringi.

Na pampu kunyonya kutoka mbali sana chini. Hili ni letu hasa sisi wa nyanda za juu. Pwani, hewa inaweza kusukuma maji kwenye bomba la kunyonyea mpaka kama mita 10 kwa nadharia. Njombe mjini, ambako tunakaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, nadharia hiyo inashuka kuwa kama mita 8, na kwa vitendo usizidishe mita 5 kutoka usawa wa maji mpaka kwenye pampu. Ukizidisha, maji yanaanza kutoa mapovu ndani ya impela, pampu inalia kama imemeza kokoto, na mtikisiko ule unakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Usikubali kipimo cha mtu wa Bagamoyo. Shusha pampu karibu na maji, ila hakikisha mto ukijaa hauifikii.

Grisi: kidogo na kwa kipimo

Beringi inataka utando mwembamba sana wa mafuta kati ya gololi na ringi. Haitaki kuogelea. Ukiijaza grisi, gololi zinalazimika kuikoroga kama ugali mzito, na kukoroga kunaleta joto. Joto linayeyusha grisi, mafuta yake yanatoka, kinabaki kitu kikavu kama sabuni. Halafu unaona "imekauka", unaongeza nyingine.

Kipimo cha kuongeza ni rahisi. Zidisha kipenyo cha nje kwa upana, vyote kwa milimita, kisha zidisha kwa 0.005. Jibu ni gramu. Kwa 6308 au 7308: 90 mara 23 mara 0.005, unapata gramu 10 na kidogo. Ni kama vijiko viwili vya chai, siyo kopo. Pampu ya mkono ya grisi ipime mwenyewe: piga mara kumi juu ya karatasi, peleka kwenye mzani wa duka la dawa za mifugo, gawanya kwa kumi. Utajua kila pigo ni gramu ngapi.

Unapofunga beringi mpya, ijaze beringi yenyewe vizuri kwa vidole safi, lakini nafasi iliyobaki ndani ya hausingi jaza theluthi moja, isizidi nusu.

Aina ya grisi: kwa pampu nyingi za shamba, grisi ya lithiamu namba 2 inafaa. Mota za umeme nyingi hutumia grisi ya poliyurea. Usichanganye aina mbili hata kama rangi zinafanana, maana zikikutana zinaweza kulainika na kutoka kama uji. Ukitaka kubadilisha aina, safisha yote kwanza.

Mara ngapi? Fuata kitabu. Kama kitabu hakipo, ongeza kipimo kile mara moja kabla ya kiangazi, na mara moja katikati kama eneo lako lina vumbi. Futa tundu la kuingizia grisi kwa kitambaa kabla ya kupiga, la sivyo unaingiza mchanga kwa nguvu. Kama kuna nati ya chini ya kutolea grisi ya zamani, ifungue. Na kumbuka joto: likizidi nyuzi 70, kila ongezeko la nyuzi 15 linapunguza maisha ya grisi kwa nusu.

Beringi zenye mfuniko pande zote, zile zilizoandikwa 2RS au ZZ, zimekuja na grisi yake. Hizo usizifungue kuongeza. Zikiisha, unabadilisha.

Oili: usawa ndiyo kila kitu

Pampu kubwa kidogo na zinazofanya kazi saa nyingi mara nyingi hutumia oili. Oili inabeba joto kutoka kwenye beringi, na ukiiona kwenye kioo unajua hali yake.

Usawa sahihi, pampu ikiwa imesimama, ni katikati ya gololi ya chini kabisa. Ikipungua, gololi hazilowani. Ikizidi, zinakoroga na kuchemsha kama ilivyo kwa grisi. Kwenye kioo au dipstiki alama ya usawa huo ipo. Pampu nyingine zina kichupa pembeni kinachojaza oili chenyewe ikipungua. Kile kichupa kuwa na oili hakumaanishi ndani kuna oili, njia yake inaweza kuziba. Kagua usawa wenyewe.

Oili ipi? Vitabu vingi vya pampu hutaja oili ya mitambo ya VG 46 au VG 68. Hapa mitaani tumezoea kumimina oili ya injini namba 40. Ile ni nzito kupita mahitaji ya pampu iendayo kasi, na ina sabuni ndani yake. Kwenye injini sabuni hiyo ina kazi, lakini kwenye pampu inayashika maji yaliyovuja na kuyachanganya na oili badala ya kuyaacha yakae chini uyatoe. Na oili chafu iliyotoka kwenye gari? Ile ina masizi na unga wa chuma. Ni sawa na kulainisha kwa msasa. Tafadhali, hapana.

Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Usibadilishe oili tu. Tafuta sili inayovuja, au sivyo wiki ijayo utarudi pale pale. Badilisha oili angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu.

Vumbi la Makambako, baridi ya Njombe

Makambako kunavuma upepo na vumbi lake mnalijua. Huko sili za hausingi ndizo uhai wa beringi. Ukibadilisha beringi badilisha na sili, bei yake ni ndogo. Jenga kibanda cha kukinga upepo, hata cha mabanzi, lakini kisizuie hewa ya kupoza injini.

Njombe mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna siku barafu inakaa kwenye majani. Grisi na oili vinakuwa vizito. Washa pampu, iache izunguke taratibu ikiwa na maji ndani kabla ya kuongeza kasi. Na unyevu wa usiku unaingia kwenye hausingi isiyofunikwa vizuri. Hakikisha mfuniko wa oili umekaza.

Waliochimba visima

Pampu ya kuzamisha ina shafti iliyosimama wima, kwa hiyo msukumo wa maji na uzito wa vyuma vyote vinashuka chini kwenye mota. Kule chini kuna beringi isiyo na gololi. Ina vipande vidogo vinavyoegemea kidogo, na sahani inazunguka juu yake. Inapozunguka inavuta maji yaliyomo ndani ya mota kati yake na vipande, yanakuwa kama kabari, na vyuma havigusani. Wazo hili ndilo lililotumika kwenye mitambo mikubwa ya umeme wa maji. Albert Kingsbury alifunga beringi ya namna hiyo Holtwood, Pennsylvania, mwaka 1912, na leo mdogo wake yuko kwenye kisima chako.

Beringi hii haitaki grisi. Inataka mzunguko. Kwa hiyo usiwashe na kuzima kila dakika. Hakikisha valvu isiyorudisha maji inafanya kazi, maana maji yakirudi chini yanaizungusha kinyumenyume, na ukiwasha wakati huo unaivunja. Usiendeshe kisima kikiwa kikavu. Na kama una sola yenye kifaa cha kubadilisha kasi, mwambie fundi asiiruhusu ishuke chini ya hezi 30, kwa sababu hapo utando wa maji hautoshi.

Ukienda dukani, na ukirudi kwa fundi

1. Nenda na namba ya kwenye kitabu, siyo ya beringi iliyotoka, maana iliyotoka inaweza kuwa ilikosewa zamani. Piga picha ukurasa wa spea leo, uhifadhi kwenye simu.

2. Soma namba yote mpaka herufi za mwisho. C3 ina maana uwazi wa ndani ni mkubwa zaidi ya kawaida. Kama kitabu hakikuandika C3, usichukue kwa sababu tu ndiyo iliyopo.

3. Feki zipo nyingi. Bei ikiwa nusu ya maduka mengine yote, jiulize. Angalia maandishi kwenye ringi yenyewe, siyo kwenye boksi tu. SKF wana programu ya simu inayoitwa SKF Authenticate, unawatumia picha wanaikagua.

4. Beringi za pembe nunua jozi, kampuni moja, za kufungwa pamoja.

5. Kwenye kufunga, nguvu ipite kwenye ringi inayokaza. Beringi inaingia kwenye shafti, basi sukuma ringi ya ndani. Ukigonga ringi ya nje, gololi zinachimba vishimo na beringi imekufa kabla ya kuwashwa. Njia nzuri ni kuipasha kwenye oili safi isizidi nyuzi 110, bila kugusa chini ya sufuria. Moto wa kuchomelea hapana. Zenye mfuniko wa mpira usizichemshe kwenye oili.

6. Baada ya kuwasha, weka kiganja kwenye hausingi kila baada ya dakika kumi kwa saa ya kwanza. Ikiwa vuguvugu mpaka moto wa kuvumilika, sawa. Ikiwa unatoa mkono haraka na inazidi kupanda, zima.

7. Beringi iliyokufa usiitupe. Ikiwa imechubuka upande mmoja tu wa njia ya gololi, ulikuwa msukumo. Ikiwa ya bluu au kahawia, ilikosa mafuta au ilizidishiwa. Ikiwa na kutu, ni maji. Ikiwa na vishimo vilivyopangana sawasawa na gololi, iligongwa. Mpelekee fundi msome pamoja.

Na mvua zikianza Novemba, kabla hujaiweka pampu ghalani, badilisha oili ikiwa bado ya moto, na kila wiki mbili izungushe shafti kwa mkono. Gololi zikikaa sehemu moja miezi mitano, kutu inazipata pale pale.

Wiki hii fanya jambo moja tu: kitafute kitabu cha pampu yako, uangalie beringi ya upande wa kaplingi ni namba gani, kisha ulinganishe na risiti ya mwisho uliyonunulia. Kama hazilingani, usisubiri ilie. Niandikieni namba zenu hapo chini pamoja na aina ya pampu, tuzipitie kabla jua la Septemba halijafika.

Kazi njema shambani.